Irabu za Mwisho: Disketi ya Makunduchi katika Kompyuta ya Nyumbani

Wanaoshughulika na lahaja wamezoea kuhofia kwamba msimulizi atafariki kabla hajarekodiwa. Hofu nyingine, ambayo haizungumzwi sana, ni kwamba maneno yaliyokwisha kurekodiwa na kunakiliwa kwa uangalifu yaweza kupotea mara ya pili ndani ya chombo kile kile kilichokusudiwa kuyatunza. Mtafiti mmoja mstaafu wa Dar es Salaam alikutana na hofu hii mwaka 2021, sebuleni kwake, mbele ya kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika.

Mwaka 1987 mtafiti huyo alikaa majuma kadhaa Makunduchi, kusini mwa Unguja, akirekodi ngano za bibi mmoja aliyekuwa akisimulia huku akisokota kamba za makumbi. Kaseti zilinakiliwa kwanza katika madaftari, na mwaka uliofuata nakala zikaingizwa katika kompyuta kwa programu ya WordStar, iliyokuwa maarufu enzi zile, na kuhifadhiwa katika disketi moja ya inchi tano na robo. Mchwa waliyala madaftari. Kaseti zilishikwa na kuvu, na mbili kati yake zikakatika zilipojaribiwa kuchezwa. Bibi mwenyewe alikwisha kufariki. Hivyo basi, katika maneno yote aliyoyatoa kwa majuma yale, shahidi pekee aliyebaki alikuwa duara la plastiki lenye nafasi ya kilobaiti 360, ndani ya bahasha ya kaki.

Inafaa kusema kwamba Kimakunduchi, au Kikae kama wenyewe wanavyokiita, si lahaja iliyosahauliwa. Odile Racine-Issa alichapisha maelezo yake ya sarufi ya Kikae mwaka 2002, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar likatoa kamusi ya lahaja hiyo mwaka 2012. Lakini kamusi haisimulii ngano, na ngano za bibi yule hazikuwa kokote isipokuwa ndani ya bahasha hiyo.

Mjukuu wa mtafiti, mwanafunzi wa uhandisi, ndiye aliyeweka Linux katika kompyuta ya babu yake. Sababu ya kwanza ilikuwa ya mfukoni: mfumo huo haulipiwi, nao hukubali kufanya kazi katika mashine iliyozeeka. Aidha, tangu Linus Torvalds alipouanzisha akiwa mwanafunzi huko Helsinki mwaka 1991, zama ambazo disketi ndizo zilizokuwa njia ya kawaida ya kubebea programu, mfumo huo umeendelea kubeba ndani yake sehemu inayojua kuzungumza na vifaa vya disketi. Mwaka 2019 sehemu hiyo ilitangazwa rasmi kuwa yatima, kwa kuwa waliokuwa wakiitunza walikuwa hawana tena vifaa vya kuijaribia, kabla haijapata mlezi mwingine. Mtafiti alipoelezwa habari hiyo alicheka, akasema kwamba hata katika isimu anawajua mayatima wa namna hiyo.

Kifaa chenyewe cha kusomea disketi hakikupatikana kwa urahisi. Vile vinavyouzwa siku hizi vya kuchomeka pembeni ni vya disketi ndogo za inchi tatu na nusu tu. Kile kikubwa kilipatikana ndani ya kompyuta mbovu iliyokuwa ikingoja kutupwa, na ikabidi itafutwe pia mashine ambayo ubao wake mkuu ulikuwa bado na pini 34 za kupokelea waya bapa wa disketi. Waya nao ulileta shida yake, kwa maana kifaa cha zamani hakipokei pini bali huchomekwa kwenye ukingo wa ubao wake. Jioni nzima ilipotea kwa kosa dogo: kumbukumbu ya awali ya kompyuta, ile inayosomwa kabla mfumo haujaamka, ilikuwa bado inasema kwamba kifaa kilichofungwa ni cha disketi ndogo. Linux huiamini kumbukumbu hiyo. Ilipoambiwa ukweli, kifaa kikanguruma, taa yake nyekundu ikawaka, na orodha ya mafaili saba ikatokea kwenye kioo. Mtafiti aliyasoma majina ya mafaili hayo kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Kosa kubwa lilitendeka asubuhi iliyofuata, nalo lilitendwa kwa nia njema. Mjukuu aliyanakili mafaili yote, akafungua la kwanza, akakuta kwamba takriban kila neno linamalizikia kwa alama ya ajabu, na kwamba hapa na pale pametapakaa alama nyingine zisizosomeka. Akaiamuru programu iitwayo iconv iyatafsiri maandishi hayo kwa kanuni ya UTF-8, ambayo ndiyo kanuni ya kawaida ya leo, na iache kila kisichofasirika. Akaondoa na zile alama nyingine. Kisha akahifadhi kwa majina yale yale.

“Babu, nimeyasafisha,” alisema.

Babu alivaa miwani, akasogea. Alichokiona kilikuwa ni safu za maneno yaliyokatwa mikia: mtot, kisim, akend, nyumb. Kiswahili ni lugha ambayo silabi zake kwa kawaida ni wazi, na neno lake humalizikia kwa irabu. Irabu zote hizo za mwisho zilikuwa zimeondoka.

“Hujasafisha, mjukuu wangu,” alisema. “Umechinja.”

Chanzo cha jambo hili ni tabia ya WordStar ya zamani, ambayo kwa msemaji wa Kiswahili ni kama dhihaka iliyopangwa. Katika msimbo wa ASCII herufi zahitaji biti saba tu, na biti ya nane katika kila baiti hubaki bure. Waliotengeneza programu hiyo waliitumia biti hiyo ya akiba kuweka alama kwenye herufi ya mwisho ya neno, ili mashine ijue mahali pa kupanulia nafasi wakati wa kunyoosha mistari. Kuiwasha biti ya nane ni sawa na kuongeza 128 katika namba ya herufi. Hivyo a, ambayo namba yake ni 97, huwa 225. E huwa 229, i huwa 233, o huwa 239, na u huwa 245. Katika Kiingereza alama hiyo huangukia herufi za kila aina, zaidi konsonanti. Katika Kiswahili huangukia irabu karibu kila mara. Kanuni ya UTF-8, kwa upande wake, haikubali namba hizo zikisimama peke yake kabla ya nafasi. Huziona kuwa ni uharibifu. Programu ilitii amri iliyopewa.

Je, irabu tano tu haziwezi kurudishwa kwa kukisia? Swali hili mjukuu aliliuliza kwa dhati, na babu yake, kwa muda wa siku nzima, alishawishika. Alikaa na karatasi akaanza kujaza. Mtot ni mtoto, nyumb ni nyumba. Nomino zilikwenda vizuri. Alipofika kwenye vitenzi alisimama. Hata katika Kiswahili Sanifu, irabu ya mwisho ya kitenzi si pambo: anasoma, asome na hasomi hutofautiana huko mwishoni pia, na shina som- likiachwa peke yake halisemi ni lipi. Katika Kimakunduchi mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa hali timilifu, ambayo Sanifu huionyesha kwa -me-, huko huweza kuonyeshwa kwa irabu ya mwisho yenyewe, inayofuata irabu ya mzizi: kitenzi chenye u katika mzizi huishia kwa u, chenye i huishia kwa i. Kwa maneno mengine, irabu zilizotupwa ndizo zilizokuwa zikibeba wakati katika masimulizi, yaani lipi lilikwisha kutendeka na lipi linatendeka.

Mtafiti aligundua jambo lililomtia haya. Kila alipokuwa hana hakika, kalamu yake ilikuwa ikiandika a. Alikuwa akimsahihisha bibi yule, irabu kwa irabu, kumpeleka kwenye Sanifu ambayo yeye mwenyewe aliifundisha kwa miaka mingi. Ukurasa uliojazwa ulisomeka vizuri mno. Aliuchana.

Ikabidi disketi isomwe upya. Safari hii haikusomeka. Kuvu iliyokuwa juu ya duara ilikuwa imeparuzwa na kichwa cha kifaa katika usomaji wa kwanza, ikajikusanya kwenye kichwa hicho. Kichwa kilisafishwa kwa pamba na spiriti, na disketi ikazungushwa taratibu kwa vidole ndani ya bahasha yake huku ikipanguswa kupitia dirisha lake. Kabla ya kuirudisha, babu aliziba kwa selotepu ule mkato wa ubavuni, maana katika disketi za aina hii mkato ukizibwa ndipo mashine inapozuiwa kuandika. Mjukuu alikuwa amezoea kusikia kinyume chake, kwa sababu katika disketi ndogo ni tundu lililo wazi ndilo linalozuia. Hapo ujuzi wa mzee ulitangulia ule wa kijana, na wote wawili walifurahi kwa sababu tofauti.

Katika Linux karibu kila kifaa huonekana kama faili, hata kifaa cha disketi. Ni uamuzi wa kiufundi, lakini matokeo yake kwa mtafiti ni makubwa: disketi nzima yaweza kunakiliwa baiti kwa baiti bila ya programu yoyote kujifanya inaelewa yaliyomo. Mjukuu alitumia ddrescue. Programu hiyo huchukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, huandika ramani ya sehemu ilizozishindwa, kisha huzirudia hizo tu, mara kwa kwenda mbele na mara kwa kurudi nyuma. Disketi ya kilobaiti 360 ina sekta 720, kila moja baiti 512. Katika mzunguko wa kwanza sekta 58 zilikataa. Kifaa kilinguruma usiku kucha. Alfajiri zilibaki 11. Kichwa kikasafishwa tena. Jioni ikabaki moja.

Baada ya hapo kazi ya kurudisha irabu ilikuwa ya mstari mmoja. Programu ndogo iitwayo tr, ambayo hubadilisha baiti moja kuwa nyingine, iliamriwa kutoa 128 katika kila baiti iliyozidi 127. Lakini babu alimshika mjukuu mkono kabla hajabonyeza. WordStar huweka miisho ya mistari ya aina mbili. Ule unaotokana na mstari kujaa ni namba 141. Ule uliowekwa kwa makusudi na mwandishi ni namba 13. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni 128 ile ile. Biti ya nane ikizimwa kila mahali, miisho yote huwa sawa. Nayo haikuwa sawa: mwaka 1988 mtafiti aliweka mwisho wa makusudi kila mahali ambapo bibi alinyamaza. Vituo vyake vya pumzi, ambavyo kaseti haziwezi tena kuvithibitisha, vilikuwa vimehifadhiwa katika tofauti ya 141 na 13.

Na zile alama zilizotapakaa hapa na pale, ambazo mjukuu aliziona kuwa takataka? Nyingi zilikuwa namba 19, ambayo katika WordStar huanzisha na kufunga mstari wa chini ya neno. Kwa kaida aliyojiwekea mtafiti wakati ule, maneno yaliyopigiwa mstari ni ya wasikilizaji waliokuwa wakiitikia na kudakia. Bila ya alama hizo ngano yote ingeonekana kutoka katika kinywa kimoja. Kaida hii haikuwa imeandikwa mahali popote. Ilikuwa kichwani mwa mtu wa miaka sabini na tatu. Hapo ndipo penye lawama, na mtafiti hakumpa mjukuu sehemu yake. Siku hiyo hiyo aliandika ukurasa mmoja wa maelezo ya kaida zake zote, ukahifadhiwa pamoja na nakala ghafi ya disketi, ambayo haikuguswa tena. Kazi ya kusafisha ilifanywa juu ya nakala ya nakala.

Sekta iliyokataa ni ya 413. Ilianguka katikati ya ngano ya tano, mahali ambapo binti anaulizwa swali na mama yake wa kambo na kuanza kujibu. Baiti 512 ni maneno takriban 80. Baadaye babu na mjukuu walipanda boti kwenda Unguja, wakafika Makunduchi, wakamwona binti wa msimulizi, naye sasa ni mtu mzima. Aliisikiliza ngano ikisomwa hadi mahali ilipokatikia, akasahihisha matamshi ya msomaji mara mbili, kisha akaimalizia. Binti wa katika ngano yake anajibu jambo jingine kabisa, ambalo haliwezi kuungana na yanayofuata katika disketi. Masimulizi yake yamewekwa katika faili la peke yake, kwa jina lake na tarehe yake. Katika ngano ya tano pamepigwa nukta, na pembeni imeandikwa namba ya sekta.