Hesabu ya Wino kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Katika mafunzo ya ualimu tunatumia saa nyingi kuzungumza juu ya zana za kufundishia: namna ya kuzibuni, kuzitengeneza kwa vitu vinavyopatikana mahali tulipo, na kuzitumia kwa wakati ufaao. Lakini karatasi ya maswali, ambayo ndiyo zana inayomfikia kila mtoto mkononi, aghalabu tunaiacha nje ya mazungumzo hayo, kana kwamba inajichapa yenyewe. Mwalimu anayetoka chuoni leo huenda akakuta kwamba kazi hiyo imehamia nyumbani kwake, mezani, katika printa ndogo aliyoinunua kwa mshahara wake au aliyoazimwa na jirani. Hapo ndipo atakapokabiliwa na swali ambalo hakuandaliwa: wino ukiisha, anunue upi, na kwa fedha ya nani?

Kwetu Mlalo, katika milima ya Usambara, swali hili lina uzito wa pekee. Wino wa printa si bidhaa ya kila duka. Mara nyingi hapana budi kuufuata Lushoto mjini, au kuuagiza kutoka Tanga kwa mtu anayesafiri. Kwa hiyo bei ya wino kwetu ni bei ya dukani pamoja na nauli, na aliyenunua wino usiolingana na printa yake hawezi kurudi mara moja kuubadilisha. Wala mtu asidhani kwamba uchapaji ni jambo geni huku juu. Huko Vuga misioni ya Kilutheri ilikuwa na kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vya Kiswahili kabla ya uhuru. Na walimu waliotufundisha sisi walirudufu mitihani kwa stensili, mikono ikiwa myeusi hadi kwenye viwiko.

Katika ziara moja ya kukagua mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya Darasa la Tano wakati wa jaribio la Hisabati. Darasa lilikuwa na watoto 90. Nakala za safu za mbele zilikuwa safi, lakini kadiri nilivyotazama nyuma ndivyo maandishi yalivyozidi kufifia. Katika swali la kubadili sehemu kuwa desimali, mstari mwembamba unaotenganisha kiasi na asili ulikuwa umetoweka kabisa. Msichana aliyeketi mbele yangu aliona 3 juu na 4 chini, pasipo mstari, akaandika 7. Alipata kosa. Baadaye nilipomwuliza, alinijibu kwa adabu, “Mwalimu, mimi niliona ni kujumlisha kwa wima.” Mtoto yule alikuwa amesoma sawasawa kile alichopewa. Na mwalimu mwanafunzi aliyeandaa jaribio hakuwa mzembe. Alikuwa ameinyoosha katriji moja ili iwatoshe watoto wote, na wino ukamwishia kabla ya majina.

Basi na tufanye hesabu aliyopaswa kufundishwa. Kila katriji au chupa ya wino ina makadirio ya mtengenezaji kuhusu idadi ya kurasa. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 123 inakadiriwa kutoa kurasa zipatazo 120. Jaribio la kurasa mbili kwa watoto 90 ni kurasa 180. Ni dhahiri kwamba katriji moja haitoshi hata jaribio moja. Tuseme inauzwa shilingi 40,000. Kila ukurasa umegharimu zaidi ya shilingi 330 za wino, na jaribio zima karibu shilingi 60,000. Chukua sasa printa ya matangi, ile inayojazwa wino kwa chupa. Chupa nyeusi ya Epson 103, yenye mililita 65, inakadiriwa kutoa kurasa 4,500. Tuseme nayo inauzwa shilingi 40,000: kila ukurasa ni shilingi 9, na jaribio lile lile ni shilingi 1,600 tu. Bei nilizotaja ni za mfano. Mwalimu aweke bei za duka lake, lakini agawanye kwa namna hiyo hiyo. Anayelinganisha bei ya katriji na bei ya katriji, bila kugawanya kwa kurasa, hajalinganisha kitu.

Makadirio hayo nayo yana masharti yake. Hupatikana kwa kuchapa mfululizo kurasa maalumu zenye maandishi ya wastani, wala si picha ya ng’ombe iliyojazwa weusi. Chupa za kwanza hutoa kurasa chache, kwa kuwa sehemu ya wino hubaki katika mirija. Printa inayolala wiki tatu bila kazi hukauka matundu, na kila inaposafishwa hunywa wino ambao hautaonekana katika karatasi yoyote. Jambo hili huwapata sana wale wanaozima printa kwa kuchomoa waya ukutani: kichwa cha kuchapia hakipati nafasi ya kurudi penye kifuniko chake, kikabaki wazi. Zima kwa kitufe, na kila wiki chapa angalau ukurasa mmoja wenye rangi zote.

Kuhusu wino usio wa kampuni iliyotengeneza printa, sikubaliani na wale wanaoukataa wote, wala na wale wanaoupokea wote. Upo unaofanya kazi vizuri kwa nusu ya bei, na upo unaoziba matundu katika mwezi wa kwanza. Baadhi ya printa huukataa zenyewe: mwezi Septemba 2016 baadhi ya printa za HP aina ya OfficeJet zilianza kukataa katriji zenye chipu za watengenezaji wengine, na kampuni ikalazimika kutoa programu ya kuondoa kizuizi hicho. Kwa hiyo uliza kwanza kama kuna mtu mwenye printa kama yako aliyeutumia wino huo kwa muda. Hakikisha namba ya wino ni ile iliyoandikwa katika printa, kizibo hakijafunguliwa, na tarehe haijapita.

Tena kuna jambo la mvua. Wino mwingine ni rangi iliyoyeyuka katika maji, na mwingine ni chembechembe laini zinazoshika juu ya karatasi. Ule wa kwanza hutiririka ukilowa. Katika masika ya Mlalo, mtoto akichukua zoezi nyumbani chini ya koti lililolowa, anaweza kufika na karatasi yenye madoa ya buluu. Chapa mstari mmoja, uache ukauke, kisha udondoshee tone la maji. Utajua una wino gani.

Baada ya kununua wino wa chupa, mwalimu atagundua jambo la ajabu kidogo: gharama kubwa sasa ni karatasi. Rimu ya karatasi 500, tuseme kwa shilingi 12,000, ni shilingi 24 kwa karatasi, karibu mara tatu ya wino wa ukurasa mmoja. Hapo ubahili wa wino hauna maana tena. Acha maandishi yawe meusi na makubwa, uchape pande zote mbili. Mchoro wa jani uwe wa mistari mitupu. Mtoto wa Darasa la Tatu huona mishipa ya jani vizuri zaidi hivyo kuliko katika picha ya kijivu.

Lakini si kila swali linastahili karatasi. Zoezi la kila siku liende ubaoni, kama ilivyokuwa siku zote. Mimi ningechapa jaribio la mwezi, hasa kwa Darasa la Nne na la Saba, maana watoto hao watakutana na karatasi za Baraza la Mitihani, na kusoma maswali yaliyochapwa ni ujuzi wenye mazoezi yake.

Hatimaye fedha. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, hivyo mwalimu asithubutu kuwaambia watoto walete shilingi mia za wino. Wala asibebe mzigo huo kimya kimya kwa mshahara wake. Yule mwalimu mwanafunzi niliyemtaja tulikaa naye jioni moja, tukaandika mistari minne katika karatasi: wino, karatasi, nauli ya Lushoto, na idadi ya majaribio kwa muhula. Kesho yake akaipeleka kwa mwalimu mkuu, ili ifikishwe kwenye kamati ya shule na kutazamwa katika fedha ya ruzuku. Mwalimu mkuu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaigeuza, akaisoma tena.

“Mwalimu,” akasema, “na umeme wa nyumbani kwako je?”

Tukaongeza mstari wa tano.