Mama Mkutubi na Postikadi Zake

Juzi daktari kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo aliniuliza: "Mzee, hivi wakutubi wa vyuo vya udaktari bado wana kazi gani, na kila kitu kiko kwenye simu?" Nilikasirika, tena sana.

Sisi wa miaka ya 1980 tulikuwa na Index Medicus, majuzuu ya Marekani yaliyoorodhesha makala za tiba tangu 1879. Karatasi nyembamba, herufi kama sisimizi, na chumba kizima kikinuka gundi na dawa ya mende. "Homa homa, homa gani, mwanangu?" Mama Mkutubi wa maktaba ya chuo chetu angeuliza, kisha kidole chake kingeshuka safu hadi kwenye makala yenyewe. Jarida mara nyingi halikuwapo. Fedha za kigeni zilikuwa adimu na usajili umekatika. Hapo angefungua droo, atoe postikadi ya kumwomba mwandishi nakala, akusimamie ujaze jina la mwandishi na anwani yake, sawasawa. Nakala nyingine zilifika mitihani imeshapita. Ila kila iliyofika aliifotokopi akaiweka kwenye faili, ili anayekuja nyuma asipoteze stempu. Hakuna makala iliyoingia pale ikabaki mali ya mtu mmoja.

PubMed, orodha ya makala za tiba mtandaoni, ilifunguliwa kwa wote 1997, lakini mara nyingi ulipata muhtasari tu; makala kamili ilitaka dola. Mwaka 2002, Januari kama sikosei (nimehakiki, sikosei), Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakaanzisha mpango wa HINARI ili nchi maskini zisome majarida bure au kwa bei ndogo. Nywila ilikuwa kwa wakutubi. Wao ndio waliotufundisha, ukurasa mmoja ukifunguka wakati chai inapoa.

Index Medicus ikakoma kuchapwa 2004. Yakaja majarida huria, yanayosomwa bure mtandaoni, hazina za vyuo, na 2021 UNESCO ikapitisha pendekezo lake la sayansi huria. Siku hizi unasoma bure, kuchapisha ndiko kunakokamua: majarida mengine hudai maelfu ya dola. Matapeli wa majarida bandia nao wamejaa kwenye baruapepe. Aliyepata umaarufu kwa kuwaorodhesha hadharani alikuwa mkutubi, Jeffrey Beall wa Colorado. Nasi mkutubi akistaafu, tunaweka kompyuta kwenye meza yake tukidhani tumemrithi!

Vijana, kabla hamjalipa senti, mpelekeeni mkutubi jina la jarida. Wachapishaji wengi huwasamehe ada waandishi wa nchi maskini, lakini kwa kawaida msamaha huombwa wakati wa kuwasilisha makala. Ukishapokea ankara, umechelewa.