Mchungaji Mwema na Shamba la Vitunguu

Tulipokuwa Malolo, wilayani Kilosa, kwa utume wa likizo, sisi mafrateri watatu tuliomba ruhusa tuchore Mchungaji Mwema kwenye ukuta wa chumba cha katekesi. Tulichora kundi kubwa, bonde la kijani na mfereji wa maji, ili waamini waone bonde lao wenyewe.

Jumapili baada ya Misa tuliwaita waje kutazama. Walikaa kimya. Kisha mzee mmoja, mkulima wa vitunguu, akauliza: “Frateri, hilo kundi analipitisha kwenye shamba la nani?” Wengine wakacheka. Mama mmoja wa familia ya wafugaji, aliyesimama mlangoni, aliondoka bila kuaga.

Hapo tukashtuka. Sisi tulichora Injili. Mzee aliona mifugo kwenye mfereji wake, na yule mama akasikia anashtakiwa ndani ya nyumba ya Mungu. Tulikuwa tumesahau tupo wilaya gani: Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Darasani tumesoma kwamba karibu mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, Askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha kanisani, akimweleza kwamba picha humfundisha asiyejua kusoma. Ni kweli. Lakini sisi tulidhani picha itafundisha peke yake, nasi tukishaosha brashi kazi imekwisha. Hatukumuuliza mtu yeyote kabla ya kuchora.

Jioni tulimfuata yule mama nyumbani kwake tukamwomba radhi. Alitukaribisha, akasema: “Wanangu, mchungaji wenu mmempa kondoo, hamkumpa njia ya kupita.”

Jumapili iliyofuata yeye na yule mzee walisimama mbele ya ukuta ule. Walibishana sana, wala hawakupatana siku ile. Ila kwa jambo moja waliafikiana: tuchore njia ya mifugo kando ya mashamba, na birika la kunyweshea mbali na mfereji. Tukachora.

Ndugu zetu mnaojiandaa kwa upadre, mahubiri nayo ni picha. Kabla ya kuyaandika, tukae kwanza na watu, tuwaulize wanaona nini.