Usiku wa Leopards katika nganda ndogo ya Goma

Nganda yenyewe ni ndogo, kwenye kona moja ya Birere. Ukutani kuna bendera ya TP Mazembe, skafu ya DC Virunga na televisheni moja. Meza zinagusana, ukitaka kupita, jirani anainua Primus yake.

Tarehe 7 Februari 2024, saa nne usiku, Leopards walicheza na Côte d'Ivoire nusu fainali ya Kombe la Afrika. Watu waliokimbia vita Sake walisimama mlangoni, bila pesa ya kinywaji. Mama mwenye nganda akawaita: "Ingieni, ba papa, macho hayalipi."

Wimbo wa taifa ulipoanza, wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kichwani kama bunduki. Kelele ikakatika, ikabaki sauti ya jenereta. Mzee mmoja wa Sake akavua kofia. "Kumbe wanatuona," akasema.

Haller alifunga dakika ya 65, ikaisha 1-0. Siku nyingine hapo refa angetukanwa hadi asubuhi (wateja wa hapa si wapole). Usiku ule walibaki wamebanana hata televisheni ilipozimwa. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye hema.