Kidete na Bei ya Motokaa

Msafiri atokaye Kilosa kuelekea Dodoma kwa reli ya zamani hupanda na bonde la mto Mkondoa, milima ikiwa kulia na kushoto, hata afike Kidete. Bonde hili si njia ya jana. Misafara ya Bagamoyo ilipita humu katika karne ya kumi na tisa ikienda Mpwapwa na Ugogo. Kisha Wajerumani, walioanza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, nao wakapita papo hapo. Lakini mto huu hauna urafiki na wajenzi. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliichukua reli baina ya Kilosa na Gulwe, na watu wengi wa Kilosa wakalala katika mahema. Sasa ipo pia reli mpya ya umeme, ambayo kwa ajili yake mahandaki yalichimbwa katika milima ya Kilosa, na tangu mwaka 2024 yachukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma.

Pamoja na reli hizo mbili, mtu wa Kidete hana budi kutafuta gari. Treni haiingii shambani kuchukua mahindi, wala haiji usiku mlangoni kwa mtu ambaye mkewe ameshikwa na uchungu. Nilipokwenda huko kumzuru mwalimu mwenzangu wa madrasa, nalikuta mazungumzo yote ni ya gari dogo la mizigo, lile liitwalo kirikuu, ambalo nyumba kadhaa zilichanga fedha zikalinunua. Zilipatikana shilingi 12,000,000, nyingine zikiwa za mavuno ya mwaka mzima. Wazee wanne wakatumwa Morogoro.

Huko walionyeshwa gari la bei ya 11,500,000, wakafurahi. Furaha haikudumu. Dalali alitoa karatasi: ada ya ofisi 300,000, kuhamisha kadi 350,000, udalali 500,000. Jumla 12,650,000. Fedha walizochukua zikawa hazitoshi, na bima bado.

Mwalimu mwenzangu, aliyekuwa mmoja wa wale wanne, hakugomba. Aliuliza kila kitu kwa jina lake: fedha hii yakwenda kwa nani, na kwa kazi gani?

“Mzee wangu, hiyo ni ya ofisi tu, kila mtu hulipa,” dalali akajibu.

“Ofisi imetufanyia nini, mwanangu?”

Jawabu halikupatikana, na ile 300,000 ikafutwa. Ndugu msomaji, angalia kwamba hakuomba kupunguziwa. Aliomba kuelezwa, na ada isiyo na kazi nyuma yake haiwezi kujieleza.

Ada ya kadi ni jambo jingine. Kuhamisha umiliki ni kazi ya Mamlaka ya Mapato, na malipo ya serikali hayana mapatano. Yafaa basi mnunuzi aende mwenyewe, au pamoja na muuzaji, wakiwa na mkataba wa mauziano, kadi ya asili na namba za mlipakodi za wote wawili, akadiriwe na alipe kwa jina lake. Wazee walifanya hivyo, wakaona yaliyotakiwa ni karibu nusu tu ya alichotaja dalali. Tena waliitazama namba ya gari kama ina deni la faini za barabarani, kwa maana deni hilo huifuata gari. Na kodi za bandarini, pamoja na ile tozo ya kuendeleza reli, huwa zimekwisha kulipwa gari lilipoingia nchini, nazo zimo katika bei. Akutozaye mara ya pili akudhulumu.

Ukabaki udalali wenyewe. Wanazuoni wetu wameuhalalisha, kwa kuwa ni kazi, na afanyaye kazi astahili ujira. Sharti ujira ujulikane. Kinachochafua ni kile vijana wakiitacho cha juu: mwenye gari ataka kumi, dalali asema kumi na moja, na ile moja yaingia mfukoni kwa siri. Dalali ni mtu wa amana kwa yule aliyemtuma. Hivyo wazee wakataka kumwona mwenye gari, na kwake wakajua kwamba yeye naye alikwisha kuahidi kumlipa dalali yule yule. Fundi waliyemleta wenyewe akaonyesha kasoro za injini, bei ikashuka hadi 11,200,000, na udalali ukawa 200,000.

Katikati ya hayo dalali alisema kuna mteja anakuja saa nane na fedha taslimu, basi waache arubuni upesi. Maneno haya husemwa sana. Kumsimamisha mnunuzi wa uongo ili kupandisha bei ndiyo najashi, ambayo Mtume (S.A.W.) aliikataza. Na arubuni ambayo muuzaji huila mnunuzi akighairi, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawaikubali, ingawa Imamu Ahmad bin Hanbal aliiruhusu. Wazee hawakutoa kitu. Saa nane ikafika, mteja hakuonekana.

Nilikumbuka wakuu wa misafara ya zamani. Walipotoka bonde hili wakafika Ugogo, walitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Wakati ule neno hilo halikuwa na aibu iliyo nayo leo. Walikaa kitako wakapatana kwanza, ndipo mizigo ikanyanyuliwa.

Fedha zilizobaki zilitosha bima na tairi mbili. Waliporudi Kidete, hesabu ilisomwa baada ya sala ya Ijumaa mbele ya wote waliochanga. Bibi mmoja aliuliza kwa nini dalali amepewa 200,000. Akaambiwa kwamba ndiye aliyelipata gari lile na kuwakutanisha na mwenyewe. Bibi akauliza swali la pili: je, mwanamke mjamzito atalipa nauli usiku? Hilo lilizungumzwa hadi alasiri.