Alimwambia mkewe gari mbovu, gari ikasikia

Kuna jamaa yupo Mbeya, anakaa Soweto, ofisi yake iko Kabwe. Njia ya kwenda kazini ni fupi kiasi kwamba redio haijamaliza matangazo, yeye kashapaki. Miezi miwili mfululizo alikuwa anamwambia mkewe aliyeko Iringa kwamba hawezi kwenda wikiendi kwa sababu gari inasumbua. Wiki hii betri, wiki ijayo tairi, inayofuata fundi kaenda kwao Tukuyu msibani. Gari ilikuwa nzima kabisa.

Mwezi wa tatu ikaharibika kweli.

Mkewe ni mwalimu. Walipokuwa bado wote Mbeya na wanapanga kununua gari, mke alitaka Toyota IST. Hoja yake ilikuwa moja tu: spea zipo mpaka Mwanjelwa, na kila fundi wa chini ya mti anaijua. Jamaa akagoma. Alishakesha akiangalia video, moyo ukaangukia Mazda CX-5 ya dizeli, toleo lile la kwanza lililoanza kuuzwa Japani Februari 2012 na kubeba tuzo ya gari bora la mwaka nchini humo, 2012-2013.

Namba zake alizikariri kama mtoto wa shule anavyokariri tebo. Injini cc 2,188, silinda nne, turbo mbili: ndogo ya kuanzia, kubwa ya kumalizia. Farasi 175. Gia sita, otomatiki. Tumbo liko milimita 210 kutoka ardhini, kwa hiyo mashimo ya mtaani hayamtishi. Na ile ya kutambia kijiweni: torki Nm 420, tena inapatikana mshale ukiwa kwenye 2,000 tu. Prado ya dizeli ya lita 3.0 ya miaka hiyo ilikuwa na 410. Hapo vijana wote kimya, jamaa anaongeza soda.

Kilichomchoma ni ushuru. Injini ikizidi cc 2,000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, wakati IST ingelipa 5, hapo bado ule wa uchakavu kwa gari iliyozidi miaka 8. Mke alisoma karatasi, akarudisha mezani, hakusema kitu.

Gari ikafika. Miezi michache baadaye barua ya uhamisho wa mke nayo ikafika: Iringa. Akaondoka na mtoto wao wa miaka minne.

Mwanzoni jamaa alikuwa mume wa mfano. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani, saa tano asubuhi yuko Iringa, kilomita kama 330. Na ukweli usemwe, ile njia ndiyo iliyoonyesha kwa nini aliitaka ile gari.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na turbo inakosa pumzi, inaacha karibu asilimia 15 ya nguvu zake hukohuko chini. Yenye turbo inasukumiwa hewa ndani, kwa hiyo haioni tofauti sana. Ukishapita Uyole unakutana na mteremko wa Inyala, ambao umeshachukua roho nyingi kwa sababu ya malori yaliyofeli breki. Pale alikuwa anapeleka kijiti kwenye M, anashuka mpaka gia ya tatu, injini inaishikilia gari yenyewe na breki zinabaki za baridi. Wengi wenye otomatiki hawajui kama kile kijiti kina kazi hiyo.

Igurusi na Chimala ni tambarare, mpunga pande zote, na mguu unatamani kulala. Lakini ni vibao vya 50 na tochi chini ya mti, faini 30,000. Baada ya Igawa barabara inaanza kupanda kwenda Makambako, na malori ya shaba yanayotoka Zambia na Kongo yanatambaa kama konokono. Hapo ndipo Nm 420 zinafanya kazi. Anasubiri aone mbele kweupe, anakanyaga, gia inadondoka kutoka ya sita mpaka ya nne, turbo inasita kidogo, halafu mgongo unabanwa kwenye siti na lori liko nyuma. Mafinga kwenye misonobari ya Sao Hill anatembea 100, mshale wa injini uko chini ya 2,000, gari imetulia.

Si kwamba haina kasoro. Kelele za tairi zinaingia ndani, siti ya nyuma inarusha kwenye matuta, na ikiwashwa asubuhi ya baridi inagonga kama mashine ya kusaga. Mafuta ilikuwa inampa kilomita 14 kwa lita. Karatasi za Japani ziliahidi zaidi ya 18, lakini waliopima hawakupanda Makambako.

Kwa nini aliacha kwenda? Wenye hamu ya mchepuko poleni, hakuna. Alichoka tu. Lita 24 kwenda, 24 kurudi, faini moja ya tochi, Jumatatu macho mekundu ofisini. Halafu washkaji wana meza yao Mbalizi kila Jumamosi, nyama inachomwa, mechi inaonyeshwa. Uongo wa kwanza ulimuuma. Wa tatu ulitoka wenyewe.

Mke naye akaacha kuuliza. Mwanzoni alikuwa anasema "Pole mume wangu, fundi kasemaje?" Baadaye ikawa "Sawa." Siku moja mtoto akachukua simu akamwambia, "Baba, kila siku nikilala naiombea gari yako ipone." Jamaa akasema asante mwanangu. Usiku ule hakulala vizuri, lakini Jumamosi alienda Mbalizi.

Juni, baridi la Mbeya limekolea, ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi, kiboksi chenye vidoti. Akaipuuza. Siku kadhaa baadaye taa ikaanza kupepesa na gari ikaishiwa nguvu. Kilima kidogo tu inanguruma lakini haiendi. Bajaji ikampita, dereva akampigia honi.

Fundi wa kwanza akamwambia kuna chujio kwenye bomba la moshi, limeziba, likatwe litupwe. Wa pili, mzee mmoja mwenye mashine ya kupimia, hakukata kitu. Alichomoa kijiti cha oili kwanza. Oili ilikuwa imepanda mpaka imegusa alama ya X, juu kabisa ya kipimo.

"Bosi, hii gari mara ya mwisho imesafiri lini?"

Jamaa akahesabu. Miezi miwili na nusu.

Mzee akamweleza taratibu. Dizeli za kisasa, si Mazda peke yake, zina chujio la kukamata masizi. Likianza kujaa, injini inamwaga dizeli ya ziada ili joto huko nyuma lifike kama nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka injini iliyopata moto na mwendo usiokatika, dakika 15 mpaka 20. Soweto mpaka Kabwe ni dakika saba. Kila ikianza kujisafisha, mwenye gari anazima. Dizeli isiyoungua inateremkia kwenye oili, ndiyo maana oili inaongezeka badala ya kupungua. Oili ikishakuwa nyepesi, turbo ndiyo inafuata.

"Gari yako haiumwi," mzee akasema. "Imefungiwa ndani."

Akayachoma masizi kwa kutumia ile mashine, akamwaga oili yote, akaweka ya dizeli iliyoandikwa DL-1, yenye majivu machache, maana ya kawaida inaziba chujio. Wakati anafuta mikono akatoa ushauri wa mwisho.

"Ipeleke mbali mara kwa mara. Huna ndugu Iringa au Sumbawanga?"

Jamaa akakaa kimya kidogo. "Nina mke Iringa."

Mzee akamwangalia, akarudi kukusanya spana zake.

Jumamosi ile hakupiga simu. Alfajiri akashika njia, Inyala, Chimala, Makambako, Ifunda, saa tano anapita Ipogolo anapandisha mjini. Mtoto ndiye aliyemwona wa kwanza. Hakumkimbilia baba, aliikimbilia gari, akaweka viganja vyote kwenye boneti ya moto, akapiga kelele: "Mama, imepona! Niliiombea!"

Usiku, mtoto amelala, jamaa akasema yote. Kwamba betri haikuwa mbovu wala tairi, na fundi hakuwa na msiba. Mkewe alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi, hakuinua kichwa.

"Nilijua tangu wiki ya betri," akasema. "Nilikuona kwenye status ya rafiki yako. Mko Mbalizi mnakula nyama, na gari imepaki nyuma yako."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione utasema lini."

Akafunga daftari la mwisho, akanyoosha mkono. "Lete funguo."

Shule anayofundisha iko njia ya Ifunda, zaidi ya nusu saa kutoka mjini, lami tupu, kwenda na kurudi kila siku ya kazi. Ndiyo barabara ambayo ile gari ilikuwa inaililia. Jumapili jamaa alirudi Mbeya na basi, amekaa siti ya dirishani, na pale Igurusi trafiki mwenye tochi alimpungia mkono dereva.

Taa ya njano haijawaka tena. Jamaa anapanda basi kila baada ya wiki mbili, na safari hii hakuna fundi wa kumsingizia. Kazini anaenda na bajaji. Juzi kijiweni dogo mmoja alimuuliza ushauri, anataka dizeli kama ile yake. Zamani angeanza na turbo mbili na Nm 420. Safari hii aliuliza swali moja tu: "Unaishi wapi, na unaenda wapi?"

Na yeye mwenyewe kaanza kuulizia IST.