Macho Yanayogeuka



Binti yangu wa pili ana miaka 15. Ana makengeza: jicho lake la kushoto linaelekea puani tangu akiwa mchanga. Nilipokuwa ninamnyonyesha, majirani hapa Manika waliniambia litanyooka lenyewe. Nikaamini, nikanyamaza.

Likizo hii kaka yake alileta kompyuta ya zamani yenye Blender, programu ya kuchonga sanamu kwenye skrini. Haiuzwi, tangu mwaka 2002 iko huru kwa kila mtu, na ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti. Binti akaanza kuchonga kichwa kama tunavyofinyanga udongo: anavuta hapa, anabonyeza pale. Pua ikatoka vizuri, lakini macho yakamshinda. Aliyachonga pamoja na uso, na kila alipotaka yatazame pembeni, ilibidi abomoe kope.

Siku ya tatu akaniita nikiwa jikoni ninasonga bukari. "Mama, nimepata! Jicho halichongwi kwenye uso."

Wenye watoto wanaoanza, waelezeni hivi. Jicho ni tufe, kitu cha peke yake. Unaligeuza ncha yake itazame mbele, na hapo unapaka mboni na duara la rangi. Yeye alipaka kijani, kama malakiti yetu. Kitovu cha kuzungukia kiwe katikati kabisa ya tufe, la sivyo jicho likigeuka litatoka shimoni mwake. Kisha programu inakutolea jicho la pili, kama kwenye kioo. Kati yao acha nafasi inayotosha jicho lingine moja. Kope unazichonga mwishoni, zikilalia juu ya tufe. Halafu unaweka alama ndogo mbele ya uso, unayaamuru macho yaifuate. Ukisogeza alama, yanageuka yote mawili.

Nikatazama vizuri, nikatambua uso ule ni wake. Macho yamenyooka.

"Umependeza," nikasema.

"Huyu si mimi, Mama." Akaliachisha jicho la kushoto kufuata alama, akaligeuza pole pole kuelekea puani. "Huyu ndiye mimi." Kisha akauliza, "La sanamu linageuzwa. Langu, kwa nini hakuna aliyejaribu?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi jikoni, bukari ilikuwa imeungua.

Juma lile tulikwenda kwa daktari wa macho. Alieleza kwamba kwa mtoto mdogo, ubongo unaweza kuacha kulitumia jicho lililopinda, nalo likapoteza nguvu ya kuona. Ndiyo maana miwani, au kuziba jicho zima ili lile dhaifu lifanye kazi, husaidia zaidi mtoto akiwa mdogo. Makengeza yakiendelea baada ya miezi 4, mtoto apelekwe. Kwa binti yangu, upasuaji unaweza kulinyoosha jicho, lakini nguvu ya kuona iliyopotea huenda isirudi yote.

Amesema atafikiri kwanza. Ni jicho lake, nami sitamharakisha. Sanamu ameihifadhi vile vile, jicho likielekea puani.

Mama mwenye mtoto mchanga, mwangalie machoni leo. Ukiona jicho halitulii, usingoje kama nilivyongoja mimi.